Mafuta ya moteri: namna ya kuchagua na wakati wa kubadilisha, kwa pikipiki, mashini ya kusaga na gari ndogo ya koperative



Mara hii somo letu haliko juu ya mbegu wala mbolea. Liko juu ya moteri. Mumelima, mumepalilia, mumevuna maharagi, mahindi, viazi ao mpunga. Sasa mavuno yanapaswa kufika soko, na mahindi yanapaswa kusagwa. Hapo ndipo koperative nyingi zinapoteza faida ya msimu mzima: pikipiki inakwama katikati ya Mushaki na Sake, ao mashini ya kusaga inakufa siku ya soko, na mekanisie anasema, “Moteri imekaza. Lazima kufungua.” Kufungua moteri ni pesa nyingi. Na mara nyingi sababu ni moja: mafuta ya moteri hayakuwa ya aina yake, ao yalikaa ndani wakati mrefu sana.

Somo hili linahusu moteri zote za koperative: pikipiki, mashini ya kusaga ao ya kukoboa mpunga, pompe ndogo ya maji, na gari ndogo kama koperative yenu iko nayo. Musome pamoja na motari wenu na yule anayeshika mashini. Mwisho wa somo kuna maswali ya kujadili katika mkutano.

1. Kazi ya mafuta ndani ya moteri

Watu wengi wanajua kazi moja tu: kulainisha vyuma visikwaruzane. Lakini mafuta yanafanya kazi ine zingine.

Yanapoza. Pistoni na vyuma vya chini havifikiwi na hewa ya nje. Moto wao unachukuliwa na mafuta na kupelekwa kwenye karteri. Pikipiki inayopanda milima ya Masisi kwa vitesi ya kwanza, na mifuko miwili ya viazi nyuma, inapata moto mwingi na hewa kidogo. Hapo mafuta yanafanya kazi kubwa kupita yale ya pikipiki ya muji inayotembea kwa barabara ya gudroni.

Yanasafisha. Ndani ya mafuta kuna dawa inayokamata masizi na uchafu, na kuushika ndani ya mafuta ili usigande kwenye vyuma. Ndiyo sababu mafuta yanakuwa meusi. Weusi si ubaya wenyewe. Ni alama kwamba mafuta yanafanya kazi yake.

Yanaziba. Kati ya segma na silinda kuna nafasi ndogo sana. Mafuta yanaifunga ili nguvu isipotee.

Yanazuia kutu. Moshi wa moteri unaleta maji na asidi. Dawa iliyo ndani ya mafuta inapigana nayo.

Sasa angalieni: dawa hizi zinaisha. Mafuta yanaweza kuwa bado mengi kwenye fimbo ya kupimia, lakini dawa imekwisha. Ni kama shamba ambalo udongo bado upo lakini chakula cha mimea kimekwisha. Unaona udongo, unapanda, hupati kitu. Kwa hiyo kuongeza kidogo kila juma si sawa na kubadilisha.

2. Kusoma chupa

Musinunue mafuta kwa kuangalia rangi ya chupa ao picha ya pikipiki iliyo juu yake. Tafuteni vitu vitatu.

Kwanza: namba ya uzito. Inaandikwa SAE, kisha namba kama 20W-50, 15W-40, 10W-30, ao 40 peke yake. SAE ni shirika la mainjenieri la Marekani, na wamepanga mafuta kwa uzito tangu 1911. Namba ya mbele ya W inaonyesha namna mafuta yanavyotembea wakati wa baridi. Namba ya nyuma inaonyesha uzito wake wakati moteri iko na moto: 50 ni mazito kupita 40, na 40 ni mazito kupita 30.

Je, namba ya W itusumbue sisi? Si sana. Mafuta ya 20W yamepangwa ili moteri iweze kuzunguka hata kwenye baridi kali ya barafu, chini ya zero. Asubuhi ya Mushaki ao ya Ngungu ni baridi, lakini haifiki huko. Kwetu namba ya kuangalia zaidi ni ile ya nyuma. Walikale kuko chini, kuko joto na msitu; Masisi kuko baridi lakini kuna milima. Pande zote mbili moteri zinapata moto mwingi, moja juu ya joto la hewa, ingine juu ya kupanda.

Pili: herufi za API. API ni taasisi ya petroli ya Marekani. Herufi inayoanza na S ni ya moteri za esansi: SF, SJ, SL, SN. Herufi inayoanza na C ni ya moteri za mazutu: CD, CF-4, CH-4, CI-4. Kadiri herufi ya pili inaendelea mbele katika alfabeti, ndivyo mafuta ni ya kizazi kipya. SN ilianza 2010. SL ni ya mbele yake. SF ni ya zamani zaidi. Mukiona chupa imeandikwa SA ao SB, muirudishe. SA ni mafuta bila dawa yoyote, na API yenyewe inasema hayafai kwa moteri nyingi zilizotengenezwa kisha 1930. Chupa zingine zinabeba herufi mbili pamoja, kama SL/CF. Hizo zinaweza kuingia kwenye esansi na mazutu, kama kitabu cha moteri kinakubali.

Tatu, kwa pikipiki peke yake: 4T, 2T na JASO. Nitaeleza hapa chini.

Kama chupa haina SAE wala API, ao inaandika tu “motor oil” na hakuna kingine, iache. Angalieni pia kama kifuniko kina alama ya kufungwa ambayo haijavunjwa. Mafuta ya chupa iliyofunguliwa, ao yanayopimwa kutoka bidoni isiyokuwa na jina, hamuwezi kujua yametoka wapi. Kuna watu wanachuja mafuta yaliyotumika kwa nguo, yanaonekana safi, wanauza tena. Kuchuja kunatoa uchafu mkubwa tu. Dawa iliyokwisha hairudi, na asidi haitoki.

3. Mafuta gani kwa moteri gani

Pikipiki ya 4T (Boxer, TVS na zingine za namna hiyo)

Katika pikipiki hizi, mafuta ni yale yale kwa moteri, kwa ambreyaje na kwa sanduku la vitesi. Ambreyaje inalowa ndani ya mafuta. Hapo ndipo kuna tofauti na gari. Mafuta mengine ya gari yana dawa ya kuteleza zaidi ili kupunguza matumizi ya esansi. Dawa hiyo ni nzuri kwa gari, lakini katika pikipiki inaingia kati ya disiki za ambreyaje, na zinateleza. Motari anaongeza gazi, moteri inalia, lakini pikipiki haipandi. Anafikiri disiki zimekwisha, ananunua zingine, kumbe ni mafuta.

Juu ya hiyo, Wajaponi waliweka alama ya JASO. JASO MA (pia MA1 na MA2) ni ya pikipiki zenye ambreyaje inayolowa. JASO MB si ya pikipiki hizo. Basi kwa pikipiki ya kazi ya koperative tafuteni: 4T, JASO MA, API SJ ao SL ao zaidi, na uzito uliyoandikwa katika kitabu cha pikipiki. Mara nyingi ni 20W-50 ao 20W-40 ao 10W-30 kufuatana na aina. Kama kitabu kimepotea, ombeni muuzaji wa pikipiki hizo Goma awaonyeshe kingine, mupige picha ya ukurasa wa mafuta kwa telefone, na karani aitunze.

Pikipiki ya 2T

Mashirika yalileta pikipiki za Yamaha AG 100 katika vijiji vyetu, na zingine zingali zinatembea. Hizo ni 2T: mafuta ya 2T yanaingia katika tanki yake ndogo na kuungua pamoja na esansi, na sanduku la vitesi liko na mafuta yake mbali. Musitie 4T ndani ya tanki ya 2T, wala 2T ndani ya karteri ya Boxer. Ni makosa yanayoua moteri haraka.

Mashini ya kusaga na ya kukoboa

Nyingi ni za mazutu, silinda moja, zinatoka China ao Uhindi. Hapa tunataka herufi ya C. Mazutu inatoa masizi mengi kupita esansi, na mafuta ya C yamepangwa ili kuyabeba. CF-4 ao CH-4 ya 15W-40 inafaa kwa nyingi za moteri hizi. Moteri zingine za zamani zinaomba SAE 40 peke yake; kama ndivyo kibao ao kitabu kinavyosema, fuateni hivyo. Musiogope kuona mafuta mapya ya mashini ya mazutu kuwa meusi kisha siku moja ao mbili. Kwa mazutu ni kawaida. Kwa hiyo rangi haitawaambia siku ya kubadilisha. Saa za kazi ndizo zitawaambia.

Pompe ndogo na groupe ndogo za esansi

Kwa moteri ndogo kama Honda GX160, na zile zinazofanana nayo, kitabu kinaomba 10W-30 ya moteri za 4T, na karteri inabeba kama litre 0,6 tu. Kiasi hicho ni kidogo sana. Ikipungua glasi moja, tayari moteri iko katika hatari. Muipime kila asubuhi mbele ya kuiwasha.

Gari ndogo

Gari nyingi ndogo za esansi zinazofika kwetu ni Toyota zilizotumika tayari Japani ao Ulaya. Moteri ya karibuni inaweza kuomba mafuta mepesi kama 5W-30, na ya zamani 10W-30, 15W-40 ao 20W-50. Fuateni kitabu kwanza. Lakini kama moteri ni ya zamani na inakula mafuta, fundi anaweza kupandisha uzito kidogo, kwa mfano kutoka 10W-30 kwenda 15W-40. Hiyo inasaidia kwa muda. Haiponyeshe segma zilizokwisha. Na kila vidanje ya gari ibadilishe filtri ya mafuta. Kutia mafuta mapya na kuacha filtri ya zamani ni kama kuoga na kuvaa nguo chafu.

4. Wakati wa kubadilisha

Kila kitabu kinatoa namba mbili: moja ya hali ya kawaida, ingine ya hali ngumu. Hali ngumu ni: vumbi, matope, milima, mizigo mizito, safari fupi fupi, na kukaa moteri ikiwaka bila kutembea. Masisi na Walikale tuko na zote pamoja. Kwa sisi hali ngumu ndiyo hali ya kawaida.

Sheria ya kukumbuka: chukua namba ya kitabu ya hali ya kawaida, uikate katikati. Kama kitabu kinasema kilometa 10.000 kwa gari, fanya vidanje kwa 5.000. Kama kinasema 4.000 kwa pikipiki, fanya kwa 2.000. Na hata kama moteri haijafanya kazi nyingi, badilisha angalau mara moja kila miezi sita, juu maji ya hewa na asidi vinaingia ndani ya mafuta hata moteri ikiwa imelala.

Lakini konteri ya pikipiki nyingi imekufa. Tutahesabu namna gani? Tuhesabu safari. Kutoka Goma mpaka Masisi-Centre ni karibu kilometa 80. Kwenda na kurudi ni 160. Safari 12 za kwenda na kurudi ni kilometa 1.920. Kwa hiyo motari anayefanya njia hiyo anapaswa kufanya vidanje kisha safari 12. Achore mstari mmoja katika kitabu kila anaporudi. Mistari ikifika 12, pikipiki isitoke mpaka mafuta yabadilishwe. Wa Walikale wahesabu njia yao hivyo hivyo.

Kwa mashini tunahesabu saa. Kwa mashini nyingi ndogo za mazutu, na kwa pompe ndogo za esansi, saa 100 ni kipimo kizuri. Angalieni hesabu:

– Mashini inayosaga saa 4 kila siku, siku 25 kwa mwezi: 4 × 25 = saa 100. Vidanje kila mwezi.
– Mashini inayosaga siku mbili za soko kwa juma, saa 6 kila siku: 2 × 6 = saa 12 kwa juma. Vidanje kila majuma 8.
– Kisha mavuno ya mahindi, ikisaga saa 10 kila siku: saa 100 zinaisha kwa siku 10 tu. Wengi wanasahau hapa. Wanafanya vidanje “kila mwezi” kama kawaida, kumbe mashini imefanya kazi ya miezi mitatu.

Moteri mpya, ao moteri iliyofunguliwa na kuwekwa pistoni mpya, ni tofauti. Vyuma vipya vinasuguana na kuacha unga wa chuma ndani ya mafuta. Vidanje ya kwanza inafanyika mapema: kwa Honda GX kisha saa 20, kwa pikipiki mpya mara nyingi kati ya kilometa 500 na 1.000, kama kitabu kinavyosema. Musiruke hiyo ya kwanza.

Na kalenda ya shamba itusaidie. Fanyeni vidanje mbele ya mavuno, si katikati yake. Kwa Masisi, mwisho wa msimu A na mwisho wa msimu B ndipo moteri zinachoka zaidi. Nunueni mafuta mbele, muyaweke depo. Barabara ikikatika juu ya mvua ao usalama, duka la kijiji linabaki na chupa zisizo na jina, na bei inapanda. Litre mbili tatu za akiba katika sanduku la koperative ni kama mbegu za akiba.

5. Kufanya vidanje hatua kwa hatua

1. Washa moteri dakika tatu mpaka tano. Mafuta yenye joto kidogo yanatoka vizuri na kubeba uchafu. Lakini yasiwe ya moto sana, yanachoma ngozi.
2. Zima. Simamisha pikipiki wima kwenye kikalio chake cha katikati, ao weka mashini mahali pa sawa.
3. Safisha kwanza pembeni ya buloni ya chini na ya kifuniko cha juu, ili vumbi lisiingie ndani.
4. Weka beseni chini. Fungua kifuniko cha juu, kisha buloni ya chini. Acha mafuta yatoke dakika kumi, mpaka yadondoke tone moja moja.
5. Tia mafuta ya zamani kidogo kwenye kitambaa cheupe ao kiganja kilichovaa mfuko wa plastiki. Ukiona vipande vya chuma vinavyongʼaa, mwite mekanisie mbele ya kutia mapya.
6. Safisha krepini (kichujio kidogo cha chuma) kama moteri iko nayo, ao badilisha filtri.
7. Weka ronde mpya kwenye buloni. Funga vizuri lakini usitumie nguvu yote: karteri ni ya aluminiumu, nyuzi zake zinavunjika haraka.
8. Tia kiasi kilichoandikwa, si zaidi. Washa dakika mbili, zima, ngojea dakika tano, pima tena. Mafuta yapaswa kuwa kati ya alama mbili, karibu na ile ya juu.
9. Andika katika kitabu.

Angalieni pia filtri ya hewa. Wakati wa kiangazi vumbi la njia linaingia kupitia filtri iliyopasuka, linachanganyika na mafuta, na kuwa kama jiwe la kunoa kisu ndani ya silinda. Mafuta mazuri hayawezi kuokoa moteri inayokula vumbi.

Na kuzidisha mafuta si upole kwa moteri. Mafuta yakipita alama ya juu, vyuma vinayapiga mpaka yanatoa povu, na povu hailainishe kitu. Pia yanasukuma jwen mpaka zinavuja.

6. Alama za kuangalia

– Mafuta yanafanana na kahawa ya maziwa: maji yameingia. Inawezekana pikipiki ilizama katika mto, ao jwen ya moteri inayopozwa na maji imeungua. Simamisha, fanya vidanje, tafuta sababu.
– Mafuta yamepanda kuliko yalivyotiwa, na yananuka esansi: esansi inashuka ndani ya karteri. Usiendelee kutembea.
– Moshi wa rangi ya bluu: moteri inaunguza mafuta. Segma ao vitu vya valve vimechoka. Pima mafuta kila siku mpaka fundi aone.
– Moshi mweusi kwa mashini ya mazutu: mara nyingi ni mzigo kupita kiasi, filtri ya hewa iliyoziba, ao enjekta mbaya. Si lazima ni mafuta.
– Taa nyekundu ya mafuta katika gari: zima moteri hapo hapo. Si “nifike kwanza Sake.” Dakika tano zinatosha kuharibu yote.

7. Maswali ambayo memba wanauliza

“Mafuta yakikosekana, tunaweza kutia mawese?” Hapana. Walikale mawese iko mingi, na tunaelewa kwa nini watu wanafikiri hivyo. Lakini munajua mawese inavyoganda katika bidoni asubuhi yenye baridi. Ndivyo itakavyoganda ndani ya moteri mbele ya kufika juu kwenye vyuma. Na ikipata moto mkali saa nyingi, inakuwa kama gundi na asidi. Haina dawa yoyote ya moteri. Afadhali pikipiki ilale siku mbili.

“Tunaweza kuchanganya mafuta ya majina mawili?” Kama uzito na herufi ni sawa, kuongeza kidogo ili kufika nyumbani hakuna hatari. Kwa vidanje yenyewe, tumieni moja. Lakini musichanganye mapya na yaliyotumika.

“Mafuta ya bei kali yanaturuhusu kukaa muda mrefu?” Katika gari ya barabara nzuri, pengine. Katika vumbi na matope yetu, uchafu unaingia kwa mwendo ule ule, uwe umenunua ya bei kali ao ya kawaida. Kwa pikipiki ya kazi, mafuta ya kawaida yenye alama za kweli, yanayobadilishwa kwa wakati, yanapita mafuta ya bei kali yanayosahauliwa.

“Vidanje ni garama. Koperative haina pesa.” Tufanye hesabu ya mfano, nanyi muweke bei za soko lenu. Tuseme litre ni dola 5, na pikipiki inabeba litre moja. Kwa mwaka inatembea kilometa 16.000, vidanje kila 2.000. Ni mara 8, ni dola 40. Sasa tuseme kufungua moteri, na pistoni, segma na kazi ya mekanisie, ni dola 100. Ongeza siku tano bila kubeba mavuno. Kuruka vidanje ine kunaokoa dola 20, na kunaweza kuleta garama ya 100. Hiyo si kuokoa pesa.

8. Mafuta yaliyotumika: hapa agronome anasema kwa nguvu

Mafuta yanayotoka yanabeba unga wa chuma na vitu vya sumu kutoka moto wa moteri. Katika majaribio ya wanyama, kuyapaka kwenye ngozi mara kwa mara kumeleta kansa ya ngozi, na chupa zingine za mafuta zinaonya hivyo. Basi:

Musipake ngʼombe ili kufukuza kupe. Ngozi inanyonya, ngʼombe anajilamba, na nyinyi munakunywa maziwa na kuuza fromaji. Kwa kupe kuna dawa za veterinari.

Musipake kidonda cha mtu wala funza za mguu.

Musimwage shambani ao katika mto. Udongo uliolowa mafuta haunyonyi tena maji vizuri, na mbegu hazioti. Serikali ya Marekani inaonya wakaaji wake kwamba mafuta ya vidanje moja ya gari yanaweza kuharibu maji mengi sana ya kunywa. Mafuta yanayomwagwa kando ya Osso yanashuka mpaka kwa ndugu zetu wa Walikale wanaochota na kuvua.

Zaidi ya yote: bidoni iliyobeba mafuta ya moteri isirudi kubeba maziwa, mawese, ao maji. Hata ukiosha kwa moto na majivu, plastiki imekwisha kuyanyonya. Ipakeni alama nyekundu, na iwe ya mafuta ya vidanje peke yake. Ikijaa, ipelekeni garaji Goma wanaokusanya, ao muitumie kulainisha mnyororo na bawaba za mlango wa depo.

9. Nani anajibu?

Moteri ya koperative ni ya watu wote, na kitu cha watu wote mara nyingi hakina mwenyewe. Motari anasema jeran atanunua mafuta. Jeran anangojea mweka hazina. Mweka hazina anasema hakuna aliyemwambia. Wakati huo mistari imefika 20.

Pendekezo letu: kila moteri iwe na kitabu chake kidogo, chenye mistari hii: tarehe, safari ao saa za kazi, kiasi cha mafuta kilichoongezwa, vidanje (ndiyo ao hapana), aina ya mafuta na bei, jina la aliyefanya. Anayeendesha anaandika kila siku. Jeran anaangalia kila juma. Mweka hazina anatenga pesa ya vidanje kwa kila mfuko uliobebwa ao kila debe lililosagwa, mbele ya kugawa faida. Na wamama wanaoleta mahindi mashini wapewe ruhusa ya kuuliza: “Saa ngapi zimebaki mpaka vidanje?” Wao ndio wanarudi nyumbani na mahindi yasiyosagwa mashini ikikufa.

Maswali ya kujadili katika mkutano

1. Moteri zetu ni ngapi, na kila moja inaomba mafuta ya SAE gani na API gani? Nani ana kitabu?
2. Vidanje ya mwisho ilikuwa lini? Kama hakuna anayejua, tupange ifanyike juma hili.
3. Njia yetu ya kawaida ni kilometa ngapi? Basi vidanje ni kisha safari ngapi?
4. Kisha mavuno yanayokuja, mashini itasaga saa ngapi kwa siku? Saa 100 zitafika tarehe gani?
5. Bidoni ya mafuta yaliyotumika iko wapi, na je, iko na alama nyekundu?

Mukijibu maswali haya matano na kuyaandika, kazi imeanza. Somo lijalo tutarudi shambani: namna ya kukausha na kuhifadhi maharagi ili fukusi wasiyamalize mbele ya bei kupanda.